Picha Iliyoganda kwenye Moshi

Kwa kuwa vita ilifunga barabara, watu wa Goma waliokimbilia Minova walikuwa wanarudi kwa boti. Muzee Kataliko alikalia matela yake ya kulalia, masikio wazi. Mbele yake Mama Umutesi, muuza kahawa, alikuwa anamulalamikia Benny, fundi wa picha ambaye walijuana palepale botini.

"Nilitumia bakiriya bangu ba kahawa email yenye picha ya kutembea. Mulima inatoa moshi, kisha moshi inageuka kikombe cha kahawa. Muzuri sana!"

"Na rezo ya simu ya Goma hii, mama? Picha inaganda pa ile ya kwanza. Uliandika nini pale?"

"'Iko njiani inakuja.'"

Benny akacheka mpaka akashika mbavu. "Mulima, moshi, iko njiani inakuja! Na mu 2021 volkano ilitoka kweli! Anza na kikombe, mama."

"Kikombe tu, nani atafungua macho?"

Benny akaonyesha abiria. "Hawa walifungua na milango, wakakimbia."

Boti ikagusa Kituku, bandari ya Goma, wakiwa bado wanabishana. Muzee Kataliko akajitwika matela aliyokimbia nayo juzi, baada ya binti yake kumwonyesha picha ya ule moshi kwenye simu.

"Mama," akauliza kwa upole, "ile kahawa ilishafika?"