Gari la Bouzid Linazima Mlimani

Benchi letu liko mbele ya gereji ya Lakhdar, mjini Constantine, pale barabara inapoanza kupanda kutoka darajani. Lakhdar ni fundi. Sisi tunamwita Daktari. Asubuhi hiyo hakuigusa kahawa yake. Teksi ya Bouzid ilikuwa imerudi mara ya nne, ikivutwa kwa kamba, na mwenyewe Bouzid alikaa kati yetu, kichwa chini.

— Injini ikipata joto tu, linazima, alisema Bouzid. Katikati ya mlima, abiria ndani! Likifika hapa linawaka kama jipya.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Waziri, karani mstaafu wa posta. Punguza mwendo.

— Waziri, nani kajikwaa? Linazima!

— Basi petroli. Wanatia maji.

— Mbona la kwako halizimi?

— Langu nililiuza. Sikia, kama si maji, ni jicho la shemeji yako. Na kama si jicho, ni bonde lile chini ya daraja. Upepo wake unafyonza umeme wa betri.

— Laa, Waziri, kunywa kahawa yako!

Hakuna aliyecheka. Bouzid akamgeukia fundi.

— Daktari, umebadilisha pampu, kisha koili, kisha nyaya. Kila mara unaniambia, "Sasa tumelipata." Ulikuwa unajua, au unabahatisha?

— Nimelipandisha mlima mwenyewe mara sita, ndugu yangu. Halikuzima hata mara moja. Ugonjwa unaojificha nitautibu vipi? Nikisema sijui, utakwenda kwa mwingine, naye abahatishe. Nikijaribu, naitwa mwizi.

— Sijakuita mwizi. Ile pampu ya zamani, ilikuwa mbovu?

Daktari alijifuta grisi vidoleni.

— Ilikuwa nzima, alisema. Wallahi nilijua baada ya kuifungua.

Bouzid hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ndipo akaja Bi Ouarda, mjane wa mtaa wa juu, anayepelekwa na Bouzid kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Alikuwa ameteremka polepole, mkono ukutani.

— Bouzid mwanangu, kesho saa moja asubuhi, gari litanifikisha?

Bouzid alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Waziri, na Waziri, mwenye jibu la kila kitu, alitazama kikombe chake.

Kisha Bouzid akaomba kalamu, akamwandikia Bi Ouarda namba ya simu ya teksi nyingine.