Mzee Massoudi na Mistari ya Bluu

Bujumbura, 30 Septemba 2005. Ni miaka saba tangu nitoke kwetu Bukavu, na leo Mzee Massoudi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika depo yetu ya mizigo ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Mimi Namegabe, mbebaji, nimeombwa kuandika kwa niaba ya wenzangu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nasema tu nilichoona.

Mzee aliingia hapa kama karani wa mashine ya kuandika, kisha akajifundisha kompyuta. Vita vilipogawa mitaa, nasi wabebaji tuligawanyika: kundi la Kanyosha na kundi la Buyenzi. Kapita Jovithe, msimamizi wetu, aligawa mizigo kwa mdomo, na aliyemnunulia bia alibeba magodoro. Ndipo Mzee akatengeneza ukurasa kwenye skrini ya dirishani: mstari wa bluu, unaofuata mweupe, hivyo hivyo hadi chini. Kundi moja bluu, jingine nyeupe, kesho tunabadilishana. Bluu huanza juu, na juu daima ni saruji; magodoro hufuata. Hata asiyejua kusoma aliiona zamu yake.

Mwanzoni alipaka kila mstari kwa mkono. Mzigo mmoja ukiingia katikati, rangi zote zinavurugika. Mwezi wa tano akapata maktaba ya JavaScript, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, wewe unaziita tu. Akaiomba ipake mistari ya witiri: wa kwanza, wa tatu, wa tano. Kumbe maktaba ile huanza kuhesabu na sifuri! Mstari wetu wa kwanza kwake ni sifuri, wa pili ndio moja. Bluu ikashuka. Siku hiyo bluu ilikuwa ya Buyenzi; sisi wa Kanyosha tuliobeba saruji jana yake tukapewa saruji tena, wenzetu magodoro.

Tukagoma, tukakaa juu ya mifuko.

“Mzee, iyi masini yako inakunywa bia ya nani?” Léonce wetu akapaza sauti.

Jovithe alifurahi sana. Akatangaza kwamba ikifika saa sita hatujaelewana, skrini inazimwa na yeye anarudi kugawa.

Massoudi akatoka nje. “Apana, masini iko sawa. Ni mi nimeiomba vibaya.” Akatugeuzia skrini, akabadili neno moja, shufwa badala ya witiri, maana sifuri ni shufwa, na bluu ikaruka juu mbele ya macho yetu sote.

Magodoro yalikuwa yamekwisha kubebwa. Abdu wa Buyenzi akaitazama skrini, akavua shati. “Ba Kanyosha, muamuke. Saruji ni ya sisi.”

Mzee akataka kuwasaidia. Mfuko ukamshinda, tukacheka hadi Jovithe naye akacheka. Saa sita skrini ilikuwa bado inawaka.

Mzee, asante. Nenda Rumonge kwa mkeo, Mama Raihana, upumzike vizuri, na mgongo wako usisikie tena habari ya saruji.

Nami kesho naenda likizo Bukavu kumwona mama. Zamani aliyeondoka alirudi akakuta nafasi yake imeuzwa kwa bia. Nitarudi Jumatatu, tarehe 17 Oktoba. Nimeshaangalia: siku hiyo bluu ni yetu, na saruji yangu inaningoja.