Mama Seva Anaondoka na Barua ya Onyo

Ijumaa hii, tarehe 30, fundi mkuu wa kompyuta wa benki yetu ya damu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Sote tunamwita Mama Seva. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nimejaribu, nimeshindwa.

Alianza kama karani, akiandika majina ya wachangia damu kwa mkono. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, alijifunza kuitengeneza mwenyewe. Chumba cha seva, zile kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu, alikitunza kama jiko lake: ukiingia na chai, unatoka na chai yako na maneno ya kukutosha wiki nzima.

Miaka miwili iliyopita wakuu waliamua kumbukumbu zetu zihamie kwenye wingu, yaani zikae kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, sisi tuzifikie kwa intaneti. Tuliahidiwa mfumo usiozimika hata dakika moja. Mama Seva hakupinga. Aliomba jambo moja tu, nakala ibaki hapa ndani. Aliandika barua tatu. Kikaoni mkurugenzi akapiga marufuku nakala hiyo, akamjibu, "Mama, zama zako zimepita."

Tuseme kweli, faida ipo: leo tunaona akiba ya damu ya matawi yote kwa mara moja.

Lakini Jumanne moja asubuhi wachimba barabara walikata waya wa intaneti. Skrini zikaganda. Katika chumba cha upasuaji cha hospitali tunayoihudumia, mzazi alikuwa anavuja damu. Mifuko yetu ya damu ilikuwa na namba tu. Majibu ya vipimo yalikuwa winguni.

"Upi umepimwa? Upi?" mtaalamu wa maabara alipiga kelele.

Mama Seva akavuta kompyuta kuukuu chini ya meza yake. Kila asubuhi alikuwa akinakili kumbukumbu humo, kinyume cha amri. "Andika namba," alisema. Dakika nne tu, mifuko iliyopimwa ikajulikana. Mzazi yule na binti yake wako hai.

Zawadi yake? Barua ya onyo, kwa kuhifadhi kumbukumbu bila kibali. Ripoti ya mwaka nayo ikasema mfumo "ulihimili vyema". Mfumo upi?

Mama Seva, asante. Tunakuombea mapumziko matamu na wajukuu wasiochezea nyaya. Barua ile ingali kwenye faili lako. Wakuu waiondoe kabla ya Ijumaa. Wasipoiondoa, watuandikie na sisi tisa wa maabara, maana tangu Jumatatu nakala tunaichukua sisi.