Kinanda cha Watu Wawili

Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979, asubuhi ya baridi na vumbi, nilipanda lori la ushirika kwenda Runazi. Mbele yangu Bernadetha, mwalimu wa kwaya, alibishana na Gozbert, mpiga kinanda wake, aliyerudi kutoka vitani bila mkono wa kushoto. Misheni ingewanunulia kinanda cha umeme: ama kizima chenye vibao vyake vya kupigia, ama sanduku la kutoa sauti lisilo na vibao, la kuunganishwa na kinanda chao cha zamani.

"Chukua kizima, dada," alisema Gozbert. "Mtu mmoja anatosha. Sanduku linakaa pembeni, linataka mtu wa pili wa kuzungusha vifundo vya sauti."

"Ndiyo maana nalitaka. Mimi kwenye vibao, wewe kwenye vifundo."

"Unanihurumia."

"Ningekuhurumia ningekuletea ndizi. Nahitaji masikio yako."

Abiria walicheka. Nami, niliyeanza darasa la jioni la kusoma na kuandika nikiwa na wajukuu, nilimwombea Gozbert kimyakimya asikatae.

Lori liliposimama Runazi, Gozbert aliinuka. "Nyote ni mashahidi," alisema kwa sauti. "Jumanne nitakuja mazoezini. Nitakuja kubishana, lakini nitakuja."