Kanga ya Beki

Beki aliyecheza miaka yote bila kufunga bao hata moja huheshimiwaje? Swali hilo lilimsumbua Faudhia tangu alipopanda basi kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kwani kesho yake timu ya Kibiti ingemuaga mjomba wake, Haruna, naye ndiye aliyeombwa kuisimamia sherehe. Huko Kibiti mfungaji hutunzwa: kina mama huingia uwanjani wakamfunga kanga. Mjomba hakuwahi kufungwa kanga hata moja.

Basi lilipopita Mchukwi, abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishana mbele yake.

"Kampuni ya soda iliyoleta jezi imesema Haruna apewe penalti, kipa aiache ipite," alisema mama aliyetoka kuuza kamba wakavu mjini. "Afunge, atunzwe, roho yake itulie."

"Bao la huruma?" alifoka mzee wa Mtawanya. "Mama, mimi nilikuwa mshambuliaji. Kwa Haruna sikupita hata kwa dua. Leo mnambembeleza kama mtoto wa jandoni?"

"Una kinyongo tu! Kanga uliikosa kwa sababu yake."

"Niliikosa, na ninajivunia! Ningezuiwa na mwingine ningeona aibu."

Faudhia alitambua kwamba mshindwa huyo ndiye shahidi aliyemhitaji: heshima ya beki ni washambuliaji aliowazuia. Basi liliposimama Kibiti, wawili hao bado wakirushiana maneno, aliinuka akawageukia kwa adabu.

"Shikamooni. Mimi ni mpwa wake Haruna. Penalti haitapigwa. Kanga nitamfunga mimi mwenyewe, kabla mpira haujaanza."