Unga wa Kondo: Ma Clotilda, Mkunga wa Ijumbi

Wasikilizaji wapendwa, naomba muweke sufuria chini msogee karibu na redio. Mkunga wa Ijumbi ametutoka. Ma Clotilda Kagaruki, mkunga wa jadi wa Ijumbi, wilayani Muleba, alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na mitatu. Watoto aliowazalisha hakuna anayejua idadi yao. Huenda hata wewe unayenisikiliza, mikono ya kwanza kukushika ilikuwa ya kwake.

Familia imeniomba nisimpambe. "Bibi alitaka akifa yasemwe yote," ameniambia Limi, binti aliyemlea. Basi nitasema yote.

Tuanzie mwaka 1978, mwaka wa vita. Watu wa ng'ambo ya mto Kagera walikuwa wanakimbilia kusini na magodoro kichwani. Mmoja wao alikuwa Georgina, mjamzito. Alitembea siku nyingi. Uchungu ulimkamatia Ijumbi, katikati ya kibanja cha Ma Clotilda, chini ya migomba. Mtoto alitoka mzima. Lakini Georgina alivuja damu nyingi, na dawa hazikuwepo. Zahanati ilikuwa na rafu tupu.

Kwa desturi kondo la nyuma hufukiwa kibanjani. Ma Clotilda hakulifukia. Alikumbuka jambo alilowahi kuliona kwa nyanya yake. Aliliosha kondo, akalifunga kwenye jani la mgomba, akalipika kwa mvuke. Akalikata vipande vyembamba, akavikausha juu ya uchaga, akavitwanga. Ule unga akauchanganya na asali, akaufinyanga vidonge vidogo kama punje za maharage. Kila asubuhi Georgina alimeza viwili.

Georgina bado yu hai. Nimemkuta kwake, ameketi kwenye mkeka, anamenya ndizi. "Nilikuwa nimeshakufa," aliniambia. "Siku ya tisa nikasimama, nikafua nguo za mwanangu mwenyewe."

Ni vidonge vilivyomsimamisha, au ni ndizi, samaki na kulala? Wataalamu wanatuambia faida ya kula kondo haijathibitishwa. Ila Georgina alisimama, na habari zikasambaa. Wanawake wakaanza kuja Ijumbi kutoka mbali.

Ma Clotilda aliweka sharti moja. Kondo la mama ni la mama huyo peke yake. Kila unga ulikaa kwenye kibuyu chake. "Kondo lako ni mwili wako," aliwaambia. "Mwili wa mtu haugawiwi."

Sharti hilo lilidumu miaka sita. Aliyelivunja ni yeye mwenyewe.

Machi 1985 alikuja Minza, mke wa mvuvi kutoka visiwani. Mumewe aliitwa Bundala. Minza alijifungua salama mtoto wa kike, Limi. Ma Clotilda akakausha kondo kama kawaida. Unga ukiwa bado kinuni, ikaja habari kutoka Bukoba mjini. Bernadina, binti yake wa pekee, aliyeolewa Hamugembe, alikuwa amejifungua hospitali mtoto aliyekufa. Kondo lake lilichomwa moto, kama hospitali wafanyavyo. Bernadina alikuwa amegeukia ukutani, hali wala hasemi.

Ma Clotilda alisimama mbele ya kinu muda mrefu. Kisha akaugawa unga wa Minza. Nusu akamtengenezea Minza vidonge. Nusu akaifunga kwenye kitambaa, akapanda gari la Bukoba.

Minza hakuambiwa. Bernadina naye hakuambiwa. "Dawa ya nini hii, Ma?" aliuliza. "Meza tu, mwanangu," mama yake akajibu. Akameza.

Wasikilizaji wapendwa, mnaikumbuka miaka ile. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia Kagera. Hatukuuita UKIMWI. Tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha wafanyabiashara wa mpakani. Nyumba ilifungwa, ya pili ikafungwa, na sauti za vilio hatukuzishangaa tena.

Clavery, mume wa Bernadina, aliuza vitambaa. Yeye ndiye aliyetangulia kuugua, akafa mwaka 1986. Bernadina akarudi kwao Ijumbi akiwa amekonda, midomo imechubuka. Mama yake akamuuguza. Na katikati ya kumuuguza, mchuuzi wa samaki akasimama mlangoni na kusema, "Yule Minza wa kisiwani naye ameshikwa. Ni Juliana."

Ma Clotilda alikuwa anamlisha binti yake uji. Kijiko kikabaki hewani. Akahesabu miaka, akaona nusu ile ya unga, akaona mkono wake ukiigawa. Tangu siku hiyo aliamini kwamba amemuua mwanawe kwa mkono wake.

Muuguzi wa zahanati alimweleza baadaye: "Mama, unga ulipikwa na kukaushwa. Hauui hivyo. Bernadina aliupata ugonjwa kwa mumewe. Damu mbichi unayoishika mikono mitupu, hiyo ndiyo uiogope." Alisikia. Haikumtuliza.

Julai 1987, asubuhi moja ya jua, Bernadina alimshika mama yake mkono. Akauliza, "Ma, nilikosa nini mimi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ma Clotilda akamfunika shuka. Akasema, "Pumzika, mwanangu." Bernadina alikufa siku ya tatu, hajajibiwa.

Oktoba mwaka huohuo, Bundala alifika Ijumbi na mtoto mgongoni. Minza alikuwa amezikwa. "Mayu," alimwita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "marehemu alisema mtoto nimlete kwako. Mimi mwenyewe sina siku nyingi."

Ma Clotilda hakumpokea mtoto. Alipiga magoti. "Nilimwibia mkeo," akasema. "Nilimpa binti yangu nusu ya unga wake. Mkeo alimeza nusu."

Bundala alilegeza fundo la mbeleko. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka chini baina yao.

"Umeiba unga wa kondo," akasema. "Huyu ndiye aliyetoka nalo. Kwake usiibe kitu."

Akaondoka bila kunywa maji.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Ma Clotilda alisimama mbele ya wanawake, Limi akiwa kiunoni. Akawaambia yote. Akasema hatakausha kondo tena. Mmoja alitema mate, akaondoka. Mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi kwake.

Aliporudi kazini alivaa glovu, na aliyevuja damu alimpeleka hospitali, hata kwa kubebwa kwenye machela. Kondo alilifukia siku ileile, mama mwenyewe akiona.

Limi alikua, akasoma. Leo anafanya kazi kwenye vitalu vya migomba kule Maruku. Nilimuuliza kama alimsamehe. "Aliniambia kabla sijajua kuuliza," alisema. "Kila mwaka aliniambia tena, nisije nikasikia kwa mwingine. Mtu wa namna hiyo unamkasirikia, lakini humkimbii."

Jumatano alimwosha bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Kaburi liko kibanjani, ubavuni mwa Bernadina.

Kwako Limi, kwa ukoo wa Kagaruki, na kwa watu wote wa Ijumbi, poleni sana. Tuko nanyi msibani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Ma Clotilda aliwaambia Bundala, parokia nzima, na Limi kila mwaka. Bernadina, aliyemuuliza, hakumwambia. Labda yupo mtu nyumbani kwako anayekuuliza leo. Redio itazimwa sasa hivi. Nenda ukamjibu.