Makaa ya Siku Kumi

Nilikaa nyuma ya watu wawili kwenye basi la bandarini, na masikio yangu, wajukuu zangu, bado mazima. Mwanamume alikuwa mwenye makaa, kontena zima. Mwanamke ni karani, ndiye anayejaza fomu za mizigo ya hatari.

"Dada, andika tu yamepoa siku kumi na nne," alisema. "Mwaka jana mbona hamkuuliza?"

"Mwaka jana sheria ilikuwa nyingine. Sasa bila siku kumi na nne hayapakiwi melini. Yako yana siku kumi tangu yatoke tanurini, nitaandika kumi."

"Basi Ijumaa meli itatupita bila kutia nanga. Haina mzigo mwingine hapa."

"Najua," akasema karani. "Mume wangu ni fundi wa injini humo. Miezi minane sijamwona."

Yule bwana akageuka mzima mzima, kama mtu aliyeokota pete. "Si ndiyo hayo? Siku nne tu, dada yangu, Ijumaa mumeo unaye nyumbani."

"Na Jumamosi analala juu ya makaa yako. Yakiwaka huko baharini nimlilie nani?"

Mimi nikamkumbuka bibi yenu, alivyokuwa akinichungulia mlangoni hata nikienda kunyoa tu.

"Dirisha la ofisi yetu linatazama ukuta," karani akasema. "Meli ikipita, mtu anaionea wapi?"

"Panda juu ya ghala letu, nitakufungulia ngazi." Halafu bwana akaongeza taratibu, "Lakini utaiona meli tu. Watu hawaonekani."

"Saa ngapi inapita?" karani akauliza, na basi likasimama getini.